Hivi kuviondoa vyama kwenye uchaguzi wa vijiji ni kuvunja Katiba?

#1 Jembe la Mkono
Wakuu, habari za jioni.

Naomba tulijadili hili tukiwa tumeweka kadi zetu mfukoni. Kijijini kwetu mkutano mkuu wa kijiji umeahirishwa mara tatu mfululizo kwa kukosa akidi. Watu wapo, hawajaenda shamba. Mwenyekiti katoka chama kimoja, na vitongoji viwili vinavyokipenda chama kingine vimeapa kutokanyaga "kwenye mkutano wao". Ajenda zenyewe ni mbili tu: mpaka wa eneo la malisho na mradi wa maji. Ng'ombe wanaendelea kuingia mashambani, na akina mama wanaendelea kubeba ndoo.

Swali langu ni hili. Bunge likitunga sheria kwamba uenyekiti wa kijiji, wa kitongoji na ujumbe wa halmashauri ya kijiji vigombewe na mtu kama mtu, chama kisiteue wala kisidhamini, sheria hiyo itasimama mahakamani? Au itaangushwa na Ibara ya 3 inayosema nchi yetu inafuata mfumo wa vyama vingi?

Mimi naona itasimama. Nipingeni kwa hoja.

#2 Nyuki wa Porini
Naweka kambi hapa, wajuzi wa sheria wako njiani.

#3 Kalamu Nyekundu
Haisimami hata kidogo. Ibara ya 3(1) inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi inayofuata mfumo wa vyama vingi vya siasa. Haikusema vyama vingi kuanzia kata kwenda juu. Ongeza Ibara ya 20, uhuru wa watu kukutana na kushirikiana. Wanakijiji mia mbili wenye chama chao wakiamua kumsimamisha mwenzao, unawazuia kwa kosa gani walilotenda?

Isitoshe, Ibara ya 39 inataka mgombea awe mwanachama na apendekezwe na chama. Kwa hiyo sheria yako inagongana na Katiba mbele na nyuma.

#4 Wakili wa Zamu
Kalamu Nyekundu, rekebisha hapo mwisho. Ibara ya 39 ni sifa za Rais, ya 47 ni Makamu wa Rais, ya 67 ni mbunge. Mwenyekiti wa kijiji hayumo katika hizo.

Serikali za Mitaa ziko Ibara ya 145 na 146. Ya 145 inasema vitakuwepo vyombo vya Serikali za Mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji, kwa aina na majina yatakayowekwa na sheria. Ya 146 inaeleza madhumuni, kwamba ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Humo neno "chama cha siasa" halionekani. Sharti la kwamba mgombea wa kijiji adhaminiwe na chama tunalikuta chini ya Katiba, kwenye sheria na kwenye kanuni anazotunga Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Lakini mleta mada naye asishangilie mapema. Kuondoa sharti la chama ni jambo moja, kupiga chama marufuku ni jambo jingine. La kwanza linamfungulia mlango asiye na chama. La pili linamfungia aliyenacho. Mahakama haitayapima kwa mizani moja.

#5 Kalamu Nyekundu
Kuhusu 39 nimekubali, asante. Ya 3 siiachii.

#6 Mtendaji Mstaafu
Nimefanya kazi ya utendaji wa kijiji miaka 19, katika vijiji vinne. Naona vijana mnazungumza kana kwamba vyama viliingia kijijini mwaka 1992. Hapana. Chama kilikuwepo kabla, tena kilikuwa ndicho kijiji chenyewe. Kwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975, mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Hukuweza kuwatenganisha. Sheria za Serikali za Mitaa za 1982 ndizo zilizoanza kukipa kijiji sura yake chenyewe, na bado tulikuwa chama kimoja.

Kwa hiyo uchaguzi wa 1994, wa kwanza wa mitaa na vijiji chini ya vyama vingi, kijijini haukuleta siasa. Ulileta chaguo la pili. Kijiji changu cha kwanza watu walishangaa kuona karatasi ina majina mawili ya vyama tofauti. Mzee mmoja aliniuliza, "Sasa huyu wa pili akishinda, ofisi atapewa?" Swali hilo sijalisahau, maana jibu lake sikuwa nalo.

#7 Jembe la Mkono
Mzee wangu, shikamoo. Hapo ndipo na mimi ninaposimama. Kama tatizo lilikuwa chama kuwa kijiji, dawa yake ilikuwa kukitoa chama kijijini. Sisi tukaongeza vyama, na sasa kila kimoja kinataka kuwa kijiji.

#8 Mtendaji Mstaafu
Marahaba. Sikusema hivyo, kijana. Nimesema bila cha pili, cha kwanza kinabaki hata ukikifuta kwenye karatasi ya kura. Wale mabalozi wa nyumba kumi unadhani wataenda wapi?

#9 Mchele Mpya
Mabalozi si viongozi wa serikali? Kwetu wao ndio wanaotuandikia barua ya utambulisho.

#10 Wakili wa Zamu
Hapana. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960 na CCM ikaurithi. Ngazi ya chini ya serikali kijijini ni kitongoji, na mjini ni mtaa. Kwamba mpaka leo mtu mzima anadhani balozi ni serikali, hiyo ni hoja kubwa kwa Mtendaji Mstaafu. Chama chenye mizizi hadi nyumba ya kumi hakihitaji jina lake kwenye karatasi ya kura.

#11 Binti wa Kitongoji
Naomba niseme la kwangu, maana wanaume mnapiga sheria tu.

Nimegombea uenyekiti wa kitongoji. Mimi niliolewa pale, sikuzaliwa pale. Kitongoji kina koo mbili kubwa, na uenyekiti umekuwa ukipokezana kati ya hizo koo kama jembe la kuazimana. Nilipotangaza nia, baba mkwe alinikalisha akaniambia, "Mwanangu, hapa wewe ni mgeni." Aliyenibeba ni chama. Walikuja, wakanijazia fomu, wakakaa na wazee, wakawaambia huyu ni mgombea wetu sote. Nilishinda kwa kura 11.

Jembe la Mkono, ukiondoa vyama kijijini kwetu kitakachobaki ni ukoo. Ukoo hauna katiba, hauna msajili, hauna pa kukata rufaa.

#12 Jembe la Mkono
Dada, hongera, na hoja yako imenigusa. Lakini ukoo upo hata sasa, umevaa fulana ya chama. Kwetu ukoo mmoja uko chama hiki, mwingine umehamia kile. Walihama wote kwa siku moja, baada ya kushindwa kura za maoni. Hiyo ni siasa ya vyama au ni ugomvi wa shamba la babu?

#13 Binti wa Kitongoji
Ni ugomvi wa shamba la babu. Ila ugomvi huo ukiwa ndani ya chama, kuna mtu wa wilayani anaweza kuja kuusuluhisha. Ukiwa mtupu, nani anakuja?

#14 Nyuki wa Porini
Hapa Jembe umeguswa mpini. Endeleeni.

#15 Daftari la Buluu
Wakuu, mnazunguka bila kugusa kesi za Mchungaji Mtikila za kudai mgombea binafsi, na humo ndimo majibu yaliko.

Mwaka 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira alisema kumlazimisha raia apitie chama ili agombee kunamnyima haki ya kushiriki uongozi wa nchi yake. Badala ya kusubiri rufaa, Bunge likabadilisha Katiba yenyewe mwaka huohuo, likaziba. Mtikila akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Serikali ikakata rufaa na Mahakama ya Rufani ikaamua 2009 kwamba suala la mgombea binafsi ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika, Arusha, akashinda 2013.

Mahakama ya Afrika ilisema haki ya kushirikiana ina upande wa pili: haki ya kutoshirikishwa kwa nguvu. Kwa hiyo mtu wa kijijini asiye na chama tayari ameonewa na sheria tuliyonayo leo. Tuanze na huyo.

#16 Wakili wa Zamu
Rufaa ni namba 45 ya 2009, hukumu ilitoka Juni 2010. Mengine uko sawa.

Na hapo kuna ncha mbili. Mahakama ya Rufani ikirudia msimamo wake wa 2010, itamwambia Kalamu Nyekundu hivi: nani agombee na apitie wapi ni uamuzi wa kisiasa, nenda Bungeni. Msimamo uleule uliomwangusha Mtikila ndio utakaoibeba sheria ya Jembe la Mkono. Lakini ukishika hoja ya Arusha, kwamba raia asilazimishwe njia moja, basi kumlazimisha asiwe na chama nako ni kumlazimisha njia moja.

#17 Kalamu Nyekundu
Ndicho ninachosema tangu post ya tatu! Aliyekatazwa kupita bila chama na aliyekatazwa kupita na chama wote wawili wamewekewa kizuizi mlango uleule.

#18 Jembe la Mkono
Sio uleule. Anayekatazwa kugombea kwa sababu hana chama amenyimwa nafasi yenyewe. Mwenye chama, chini ya sheria yangu, bado anagombea. Kadi yake anabaki nayo, vikao anakwenda, kwenye ubunge na udiwani anavaa sare kuanzia kofia hadi kandambili. Ananyimwa nembo tu, kwenye nafasi moja. Na Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa maslahi ya umma.

#19 Wakili wa Zamu
Ibara ya 30(2) inaruhusu, lakini mahakama zetu zimeshasema mpaka huo usiwe wa kiholela na usizidi kinachohitajika. Serikali itaulizwa: mlijaribu njia nyepesi kwanza? Kwa mfano kuruhusu mgombea binafsi sambamba na wa chama. Hapo ndipo sheria yako itakapotoka jasho.

#20 Mpiga Kasia
Angalieni wenzetu. Uganda baada ya kura ya maoni ya 2005 kurudisha vyama vingi, serikali ilitaka uchaguzi wa LC1, yaani ngazi ya kijiji, uendelee kwa utaratibu wa zamani wa Movement usio na vyama. Rubaramira Ruranga akaenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2007 mahakama ikasema haiwezekani: nchi ikishakuwa ya vyama vingi, huwezi kuiacha ngazi ya kijiji kwenye mfumo ule wa awali. Kesi ya karibu zaidi na swali la uzi huu siijui nyingine.

#21 Kalamu Nyekundu
Mkuu umenimalizia kazi. Jembe, unasemaje?

#22 Daftari la Buluu
Mpiga Kasia, malizia na kilichofuata. Baada ya hukumu hiyo uchaguzi wa vijiji haukufanyika Uganda hadi Julai 2018. Wenyeviti waliochaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliendelea kukaa. Na ulipofanyika, watu walipanga mstari nyuma ya mgombea, jirani akikuona umesimama kwa nani. Haki ya vyama ililindwa, mwanakijiji akakaa zaidi ya miaka kumi bila kura. Nami pia naiheshimu hukumu ile, ila naomba tuihesabu na gharama yake.

#23 Jembe la Mkono
Na mimi nina Ghana. Katiba yao ya 1992, Ibara ya 55(3), inaviruhusu vyama kudhamini wagombea wa nafasi zote za umma isipokuwa mabaraza ya wilaya na ngazi za chini yake. Ibara ya 248 inamtaka mgombea ajinadi kama mtu binafsi, asitumie alama ya chama. Wana vyama vingi kama sisi, serikali zinapokezana kwa kura, na ngazi ya chini haina nembo. Nani atasema Ghana si nchi ya vyama vingi?

#24 Wakili wa Zamu
Hakuna atakayesema. Lakini mkuu, umeona walichofanya? Katazo wameliweka NDANI ya Katiba. Hawakuliacha kwenye kanuni za waziri. Katiba haiwezi kushitakiwa kwa kuivunja Katiba. Uganda walijaribu kwa sheria ya kawaida, ikaanguka. Mimi naona jibu la swali lako liko kati ya hizo nchi mbili.

#25 Mpiga Kasia
Tena Ghana wenyewe walitaka kuliondoa hilo katazo. Kura ya maoni ilipangwa Desemba 2019, Rais Akufo-Addo akaifuta wiki chache kabla kwa sababu maelewano yalikosekana. Walioliunga mkono wazo la kuingiza vyama walisema hoja ya Mtendaji Mstaafu: vyama viko tayari humo ndani, vinajificha.

#26 Mtendaji Mstaafu
Chama kilichojificha ni kibaya kuliko kilichojitokeza. Kilichojitokeza unajua wa kumlaumu.

#27 Karafuu Kavu
Assalaam alaykum. Nyinyi wa Bara mnagombania vyama, sisi huku Zanzibar sheha, kiongozi wa shehia, ngazi yetu ya chini ya serikali, hachaguliwi kabisa. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hakuna chama kwenye karatasi kwa sababu karatasi yenyewe haipo. Na nakuhakikishieni siasa ya vyama imo kwenye shehia kuliko popote, hasa wakati wa kuandikisha wapiga kura, maana sheha ndiye anayesema wewe ni mkaazi au si mkaazi. Kuondosha nembo si kuondosha chama. Waulizeni walioishi.

#28 Mchele Mpya
Wa alaykum salaam. Hii sikuijua, asante sana.

#29 Chungu cha Moto
Wakuu, nimesoma yote. Samahani, mnagombania sharubati wakati mtungi umepasuka.

Tatizo si nembo, ni msimamizi. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa makosa ya kujaza fomu, vyama kadhaa vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024, tarehe 27 Novemba, ikachukua asilimia 98 na ushee. Chaguzi hizo hazikusimamiwa na Tume ya Uchaguzi, zilisimamiwa na TAMISEMI, iliyokuwa wakati huo chini ya Ofisi ya Rais, kwa kanuni za Waziri. Kuna vijiji 12,333 na vitongoji 64,274. Sasa niambieni, ukiviondoa vyama humo, nani atabaki na nguvu ya kuweka mawakala na kukata rufaa pale mtu anapoenguliwa? Mgombea binafsi mwenye jembe na baiskeli?

Leo chama kinaenguliwa na kelele inasikika mpaka Dar es Salaam. Kesho ataenguliwa mama mmoja peke yake, nani atajua?

#30 Binti wa Kitongoji
Hili la mwisho nalisaini kwa mikono miwili. Mimi fomu yangu iliwekewa pingamizi kwamba sijaandika jina la katikati vizuri. Mimi binafsi ningelia nikarudi nyumbani. Chama kilikuja na watu wawili wenye makablasha.

#31 Jembe la Mkono
Chungu cha Moto, hoja nzito, lakini igeuze. Kwa nini mtu aenguliwe kwa jina la katikati? Kwa sababu kila kijiji kinahesabiwa kama goli la chama kuelekea uchaguzi mkuu wa mwaka unaofuata. Serikali za mitaa 2014, mkuu 2015. 2019, 2020. 2024, 2025. Kijiji kimekuwa uwanja wa mazoezi. Kikiondolewa kwenye hesabu hiyo, nani atahangaika kumuengua mama wa watu?

#32 Chungu cha Moto
Mwenye kutaka ardhi. Mradi wa mwekezaji ukija, halmashauri ya kijiji ndiyo inayojadili, mkutano mkuu ndio unaoidhinisha, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Muhuri wa kijiji una bei hata kama chama hakipo.

#33 Mtendaji Mstaafu
Hapo umesema. Nimekaa na ule muhuri miaka 19. Walioufuata usiku hawakuwahi kuniuliza mimi ni chama gani.

#34 Nyuki wa Porini
Mzee, funguka kidogo.

#35 Mtendaji Mstaafu
Siku nyingine. Itoshe kwamba mwenyekiti mmoja alisaini muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika, na waliomtoa ni wanakijiji wa vyama vyote viwili, kwenye mkutano mkuu, kwa kunyoosha mikono. Chama chake kilimtetea hadi dakika ya mwisho.

#36 Jembe la Mkono
Mzee, umenipa hoja yangu yote kwa sentensi moja.

#37 Binti wa Kitongoji
Na amenipa na mimi yangu. Aliyewaongoza kunyoosha mikono alitoka chama gani?

#38 Mtendaji Mstaafu
Kingine, ndiyo.

#39 Daftari la Buluu
Nirudishe kwenye Katiba. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba na hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 zote ziliruhusu mgombea huru. Wasiopatana kwa mengi walipatana kwa hilo. Kwa nini tusiseme kijijini agombee mwenye chama na asiye na chama, tumalize? Haigusi Ibara ya 3, haigusi ya 20.

#40 Kalamu Nyekundu
Hiyo naiunga mkono leo hii.

#41 Jembe la Mkono
Ni hatua, ila haitibu kwetu. Mgombea huru atakuwepo, mwenyekiti wa chama atashinda, na vitongoji viwili vitasusa mkutano vilevile.

#42 Wakili wa Zamu
Anayetaka kwenda mahakamani kuipima sheria yoyote kati ya hizi ajue pia kwamba marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka aonyeshe alivyoathirika yeye binafsi. Haikuwa tena kama zamani, raia yeyote kusimama kuitetea Katiba kwa niaba ya wote. Jembe, sheria yako ikipita, wa kufungua kesi atakuwa mtu kama Binti wa Kitongoji. Na mimi nikiwa jaji ningemsikiliza kwa makini.

#43 Binti wa Kitongoji
Nitakuja na watu wawili wenye makablasha.

#44 Jembe la Mkono
Wakuu, narudi na mrejesho. Jana mkutano mkuu uliitishwa kwa mara ya nne. Safari hii mwenyekiti hakupita na kipaza sauti, walimtuma mwalimu mstaafu asiye na chama apite nyumba kwa nyumba kwenye vile vitongoji viwili. Walikuja. Si wote, lakini akidi ilitimia. La maji limepita. La malisho limeahirishwa, kwa sababu ukoo mmoja umesema mpaka unapita kwenye makaburi yao.

#45 Kalamu Nyekundu
Hongereni kwa maji. Huyo mwalimu uchaguzi ujao agombee. Kwa tiketi ya chama gani?

#46 Jembe la Mkono
Nilimuuliza. Amesema hagombei.